Nani Anatia Munyu

Likasi, tarehe 11 mwezi ya pili 2024

Yaya Henriette,

Hii barua inabebwa na Zéphirin wa samaki. Mwenyewe anasema itafika kama pikipiki yake itakubali. Nakusalimia weye, dada yangu mukubwa, nasalimia shemeji Kabongo na batoto wote, na hiyo baridi ya ziwa yenu, nasikia inaingia mpaka mu mifupa.

Sisi huku tuko salama. Princesse ametoa jino ya kwanza. Anauma kila kintu. Juzi aliuma Biblia ya mama mukwe ku kona, minye nikaogopa, lakini mama mukwe akasema ni alama muzuri, mutoto iko na njaa ya Neno. Mvua imeangusha ukuta ya choo upande moja, sasa tukiingia tunaimba ili bantu bajue kuko muntu. Mama mukwe anaimba wimbo mpaka mwisho, hata kama iko na haraka.

Bwana yangu Hervé hajarudi. Anapiga simu kila dimanche kisha kanisa, anasema kule Kolwezi kazi ya kuchimba inaendelea, réseau ya simu tu njo haiendelei. Unakumbuka mbele ya kuenda alisimama kanisani, akatoa ushuhuda kwamba atarudi juu ya pikipiki, na kanisa yote ikasema amina. Basi tunangojea pikipiki.

Yaya, iko jambo nataka kukuuliza, na haiwezi kupita mu simu. Simu ya huku ni moja, ni ya mama mukwe, na ile simu inaongea kwa nguvu, jirani anajibu mbele yangu.

Ni hivi. Tangu nilizaa, mama mukwe hataki nitie munyu mu chakula. Kupika, ninapika. Ninawasha mbabula ya makaa, ninatwanga sombe, majani ya muhogo, ninasonga bukari mpaka mabega inalia. Lakini nyungu ikifika ku munyu, lazima niite. Anakuya na kopo yake, anatia, anafunika, anarudi na kopo chini ya kitenge. Nilifikiri ni kwa kunipumzisha siku chache, nikamushukuru. Sasa mutoto anauma Biblia na kopo bado iko chini ya kitenge. Na shida, Yaya, docta alimukataza munyu juu ya tension, damu yake inapanda, kwa hiyo anatia bila kuonja. Leo tunakula maji, kesho tunakunywa maji usiku kucha.

Nikamuuliza, Mama, mpaka lini? Akajibu, mpaka Hervé arudi. Nikasema, lakini Mama, Hervé na munyu, wapi na wapi? Akaniangalia, akasema, "Uko na yaya yako. Muulize."

Njo nakuuliza. Kwetu mama alitia munyu siku zote. Kutia munyu ilikuwa kutia munyu tu. Huku inamaanisha nini?

Mudogo yako,
Fidélie


Tshangalele, tarehe 3 mwezi ya tatu 2024

Fidélie, mama Princesse,

Barua yako ilifika ikinuka samaki, juu Zéphirin aliisahau mu kitunga mpaka bateja bakamuuliza kama karatasi nayo inauzwa kwa kilo. Sisi tuko wazima. Kabongo anasumbuliwa na mugongo, lakini ikifika siku ya mupira mugongo inapona. Busu jino ya Princesse kwa ajili yangu.

Sasa ule ulizo yako. Nilikuwa nasoma barua kwa sauti, Kabongo alitaka kusikia habari za mutoto. Nilipofika ku munyu nikakohoa, nikasema hapa mwandiko haionekani. Alicheka, kumbe anajua. Wote banajua, weye tu.

Kwa bantu ya kwao Hervé, mwanamuke mwenye kuzaa hatii munyu mu chakula ya bantu mpaka yeye na bwana yake barudiane. Fidélie, uko na mutoto, unajua mutoto anatoka wapi, usinilazimishe kuandika zaidi. Wakisharudiana, asubui yake bibi anachukua kopo, anatia munyu mwenyewe. Lupango yote, ndugu na jirani, inakula, inajua, na hakuna muntu amesema kintu. Njo heshima yake, ni tangazo bila mudomo.

Akitia mbele ya ile siku, banasema munyu inashika kifua ya wenye kula, banakohoa. Na zaidi ya wote inamushika bwana, hata kama iko mbali. Kisha kama bwana hayuko na bibi anatia munyu, basi, bantu banaanza kuhesabu wanaume ya jirani.

Minye ninaamini? Usiniulize. Hapa ninauza samaki ya munyu. Nikianza kuuliza kila mwenye kutia munyu alilala wapi, samaki itaoza.

Kwetu haikuwa vile juu mama alikuwa muntu ya misheni na papa muntu ya reli. Lakini uliolewa kule, basi heshimu kopo. Hervé atarudi.

Nakutumia samaki kidogo. Hiyo imetiwa munyu tayari, mama mukwe yako hana kazi nayo.

Yaya Henriette


Likasi, tarehe 24 mwezi ya tatu 2024

Yaya yangu,

Salamu kwako na kwa mugongo ya shemeji. Princesse sasa anakaa peke yake, anaanguka upande moja tu, wa kuume, sijui kwa nini. Choo tumejenga, lakini tumezoea kuimba.

Nilisoma barua yako nyuma ya nyumba, nikapata joto mpaka ku masikio. Yaya, sasa ninaelewa. Jirani yetu mama Carmel amekuwa akiniuliza kila asubui ku bomba, kwa sauti ya chini, "Bado?" Na minye namujibu, "Bado kidogo mama, hii maharagi ni ngumu." Miezi yote ile. Sijui ananionaje.

Nikuambie ya mama mukwe. Dimanche iliyopita pasta alihubiri juu ya mila ya bankambo na babu zetu, kwamba mukristo aitupe yote. Mama mukwe, kama diakonese, alikuwa mustari ya mbele. Alipiga mikono kuliko wote, kitambaa ya kichwa ikaanguka. Tukarudi ku nyumba, nikapika majani ya lengalenga, nikafikiri leo Mungu amefungua kopo. Nikanyoosha mukono. Akaisogeza. Nikasema, Mama, na mahubiri? Akasema, "Mahubiri ilikuwa juu ya mila. Hii si mila, hii ni hygiène."

Lakini iko habari ya kweli, Yaya, na njo inanikosesha usingizi. Unamukumbuka Papa Gaston, mwenye alifanya kazi ku reli na papa yetu? Sasa iko mukubwa ya chantier hapa karibu, banajenga shule. Anatafuta mama wa kupikia wafanyakazi chakula ya saa sita. Alikuya mpaka ku lupango, akasema, "Binti ya rafiki yangu, sombe ya mama yako ninaikumbuka mpaka leo. Kama mukono ni ule, kazi ni yako." Itaanza kisha Pasaka. Yaya, sijapata kuwa na kazi mu maisha yangu. Shule niliacha mu darasa ya sita, unajua. Lakini kupika, pale ninasoma bila kitabu. Na kama chantier ikipenda, kisha pale naweza kufungua kirestora yangu, hata meza mbili.

Sasa nitapika aje chakula ya bantu wote wale, bila kutia munyu?

Najua utaniambia nitie kwa siri. Nimefikiri. Ulimi ya mama mukwe nimeweza kuikimbia. Lakini Hervé iko mu shimo, Yaya, anameza vumbi ya mawe kutoka asubui. Kifua ya wachimbaji unaijua. Kama ile mambo ni bongo, uongo tu ya bazee, sawa. Kama si bongo, nitakuwa nimemuua bwana yangu kwa kijiko ya munyu. Siwezi.

Mwambie Mungu alete Hervé hata usiku moja.

Fidélie


Tshangalele, tarehe 21 mwezi ya ine 2024

Mudogo yangu,

Unisamehe kukawia. Ziwa ilijaa, barabara ya upande wa Kapolowe ikawa matope, na Zéphirin alianguka na pikipiki mu mufereji. Hakuumia, samaki njo iliumia. Batoto bako wazima. Tumepata kuku mupya, anataga mayai ndani ya kofia ya Kabongo.

Nimefurahi sana juu ya kazi. Kubali. Usimuache Papa Gaston aende kwa mungine. Mambo ya munyu itapata njia.

Na usiogope juu ya Hervé. Kifua yake iko muzuri, anakula, analala, hata amenenepa kidogo. Wanaume balivyo, banaficha haya kuliko ugonjwa. Wakati yake ikifika atakuya. Usimulilie kwenye simu mbele ya mama yake, inamukaza zaidi.

Biashara ya samaki inaendelea vizuri tangu nilipata mufanyakazi wa kunisaidia. Iko na mukono ya munyu, hazidishi, hapunguzi, samaki inakauka na inabaki na ladha. Onjeni hiyo mufuko, mutaniambia.

Salimia mama mukwe na hygiène yake.

Henriette


Likasi, tarehe 12 mwezi ya tano 2024

Kwa Yaya,

Tunakusalimia wote. Princesse anatambaa, tumefunga mulango na benchi. Mama mukwe anakusalimia sana juu ya samaki. Alikula vipande vitatu. Nikamukumbusha docta. Akasema, "Docta alikataza munyu. Hii si munyu, ni samaki." Kisha akasema muntu mwenye kutia munyu mu hii samaki iko na mukono ya baraka. Nikataka kumuuliza, Mama, ule muntu alilala wapi? Lakini nilikuwa na njaa, nikaendelea kula.

Yaya, kazi nimeanza, na inataka kunitoka.

Nilimueleza mama mukwe. Hakukataa kazi. Alisema, "Utapika, minye nitakuya kutia munyu." Na alikuya kweli, na kitambaa ya kanisa, na kopo, kila siku saa tano. Anasimama juu ya nyungu, anafumba macho, anaomba, anatia. Munyu inategemea urefu ya maombi. Siku ya kwanza aliombea wafanyakazi wote pamoja na familia zao. Papa moja alitema sombe ukutani, ukuta ilikuwa bado mubichi, alama iko pale. Siku ya pili alikuwa na mafua, aliomba kifupi, maharagi ilikuwa kama maji ya kunawa.

Papa Gaston akaniita pembeni. Akasema, "Fidélie, chakula inapikwa na muntu moja, munyu inatiwa na mungine, na sahani inaonyesha hawajasalimiana. Shida ni nini?" Nitamujibu nini, Yaya? Niseme, Papa Gaston, shida ni kitanda? Nikasema mama mukwe ananisaidia. Akasema, "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ya sita. Kama mwezi ya saba bado inakuya na yule mama wa maombi, nitachukua Tina wa pale ku kona. Hajui kupika, lakini anatia munyu yake mwenyewe."

Nilipiga simu, nikamuomba Hervé arudi hata siku moja. Mama mukwe alikuwa kando yangu, jirani nao. Hervé akasema réseau imepotea. Lakini réseau ilikuwa, Yaya. Nilisikia ndege wa maji. Nilipouliza ni sauti gani, akasema ni soko.

Na iko ingine. Uliandika kifua yake iko muzuri, na amenenepa. Umejuaje?

Fidélie


Tshangalele, tarehe 2 mwezi ya sita 2024

Fidélie,

Sisi wazima. Baridi imeanza. Kuku ametotoa mu ile kofia, Kabongo anatembea na kichwa wazi.

Juu ya kifua ya Hervé, nilisema tu kwa imani. Muntu akiomba, anaona.

Zéphirin anangojea, siwezi kuandika mingi. Chukua samaki. Vumilia.

H.


Likasi, tarehe 9 mwezi ya sita 2024

Yaya Henriette,

Salamu. Nafurahi kwamba sasa nawe unaona mbali, hata bila kuwa mu kanisa yetu. Nitaomba bakuwekee kiti karibu ya pasta.

Princesse alisema neno ya kwanza. Alisema "bado". Ameisikia sana.

Samaki imefika, na minye njo nilifungua mufuko, mara zingine mama mukwe anafungua. Niliangalia kamba mpaka Zéphirin akaniuliza kama kuko nyoka.

Unajua namna wachimbaji banafunga mufuko ya mawe. Kamba inapita mara mbili, inakazwa na meno, kisha kichwa ya kamba inaingizwa ndani ya mukunjo, ili munyang'anyi akifungua njiani ionekane. Hervé alinifundisha tulipokuwa bachumba, kwa mufuko ya mupunga, mbele ya nyumba ya papa. Yeye anaongeza kintu yake, anarudisha kichwa ya kamba upande wa kushoto, juu anashika kwa mukono ya kushoto. Yaya, wavuvi ya kwenu banafunga vile? Kabongo anafunga na meno?

Sitakuuliza kintu. Uko yaya yangu, kama uliahidi muntu kunyamaza, nyamaza. Nitaandika tu mambo ya huku.

Mambo ya huku ni kwamba tangu mwezi ya kumi ya mwaka uliopita minye sijatia munyu, kwa kuchunga kifua ya bwana yangu. Nimekula maji, nimekula bahari, nimekubali mama Carmel aniulize ku bomba. Nimesimama mbele ya wafanyakazi wote wale na aibu ya nyungu isiyo yangu. Nilikuwa namuona mu shimo, mu vumbi. Na kama, nasema kama tu, ule bwana iko amekaa pembeni ya maji, mikono yake ndani ya munyu mpaka ku viwiko, kutoka asubui mpaka jioni, basi ni kuchekesha kidogo. Nilicheka, Yaya. Kisha nikalia, juu ameniacha niogope bure. Kisha nikacheka tena juu mama mukwe amekuwa akimusifu mukono bila kujua ni mukono alizaa.

Zéphirin anakuletea nyungu kidogo. Ni maharagi. Nimepika minye peke yangu, na kitunguu na tomate na mafuta ya mawese, na sijaita muntu na kopo. Iko namna tunakula huku. Umpatie mufanyakazi yako mwenye mukono ya baraka. Mwambie ale yote, na asiongeze kintu.

Mwambie pia Papa Gaston anahesabu mpaka mwisho wa huu mwezi. Na kwamba ku nyumba hakuna muntu anangojea pikipiki. Ni mama yake tu, na yeye naye atakubali akikuya na muguu.

Kifuniko nimefunga na kamba, kama nilivyofundishwa. Aangalie kama nimekaza vizuri.

Fidélie


Tshangalele, tarehe 16 mwezi ya sita 2024

Mudogo yangu mupenzi,

Sitasalimia mingi, juu sina uso wa kusalimia nao.

Nilimuwekea nyungu mbele yake, saa ya kupumzika, karibu ya mabeseni ya samaki. Alipoona kamba akaacha kutafuna muhogo yake. Akauliza, "Nani amefunga?" Nikamujibu, "Bibi ya muntu fulani." Akafungua polepole, hakuikata. Akachukua kijiko. Kijiko ya kwanza akaniangalia, akasema, "Shemeji, hii haina munyu." Nikamuambia, "Njo chakula ya nyumba yako. Balimukatalia bibi yako munyu ili weye usikohoe."

Hakujua, Fidélie. Anasema alijua mambo ya munyu kama mutoto wa kiume anavyoijua, yaani hajui. Alifikiri mama yake ameshaiacha tangu aingie kanisa. Munyu ilikuwa pale, mabeseni mazima, mukono yake yenyewe ilikuwa nyeupe. Alipangusa mukono ku suruali, akala yote. Kabongo alitaka kuonja, akamukataza.

Sasa nikuambie, kazi ya kunyamaza nimeacha. Kule Kolwezi mvua ilijaza shimo yao maji mwezi ya kwanza, wachimbaji wote wakafukuzwa. Alikuya hapa na viatu vya kuazima. Alisema, "Yaya, nilisimama mbele ya kanisa yote nikasema pikipiki. Nitarudi aje na muguu?" Nikamuonea huruma. Nikasema kaa, tia munyu, mpaka usimame. Nilifikiri ni wiki chache. Kisha nikaona mukono yake, biashara ikatembea, na minye nikaanza kusahau kumukumbusha. Hiyo nayo uijue.

Simu alikuwa anapanda kupigia ku kilima, pale ndege wanalala.

Njo hivyo. Akuye au asikuye, minye nimesema.

Yaya yako


Likasi, tarehe 30 mwezi ya sita 2024

Yaya Henriette,

Tunakusalimia, na safari hii "tunakusalimia" iko na bantu zaidi ndani yake. Choo sasa tunaimba kwa sauti mbili.

Alifika jeudi jioni. Na Yaya, alifika juu ya pikipiki, kama alivyoahidi kanisa. Ya Zéphirin, lakini pikipiki. Alikuwa nyuma, katikati ya vitunga viwili vya samaki, na nyungu yangu mu mikono. Mama mukwe alitoka mbio, akamushika, akamunusa ku shingo. Akasema, "Kolwezi ya siku hizi iko na samaki." Hervé akashusha nyungu. Mama mukwe akasema, "Ingia, mwanangu, maji ya kuoga iko ku moto." Leo kanisani mama mukwe alitoa ushuhuda kwamba Mungu alisema pikipiki na pikipiki imekuya. Hakusema ya nani, na hakuna muntu aliuliza. Hervé aliangalia viatu vyake. Minye pia niliangalia viatu vyake, kumbe bado ni vya kuazima.

Princesse alimuona akasema, "Bado." Hervé alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nikuambie, na hii unasoma peke yako, ukifika hapa ukohoe kama ile siku. Ule usiku tuliingia mu chumba. Lupango yote ilinyamaza mapema sana, hata redio ya mama Carmel. Nilimuambia maneno yote niliyokuwa nimeandaa, ya kukasirika kwanza, kisha ingine. Alisikiliza ya kukasirika yote, akaomba musamaha, vizuri, kwa macho. Nilipofika ku ile ingine nikaona hajibu. Alikuwa amelala, Yaya. Viatu mu miguu. Ametoka kazi ya ziwa asubui, ametikisika na vitunga mu mashimo ya barabara siku nzima. Nikamuvua viatu, nikamufunika. Alikoroma mpaka majogoo.

Asubui niliwasha mbabula ku nyumba, juu ile siku nilipika pale chakula ya chantier. Mama mukwe alitoka, akaniangalia, akaangalia mulango ya chumba. Akaingiza mukono chini ya kitenge, akaweka kopo karibu na nyungu. Alirudi ndani akiimba.

Nilibaki naangalia kopo. Vendredi ilikuwa, na Papa Gaston alikuwa amehesabu mpaka mwisho wa mwezi, na chantier inafungwa samedi na dimanche, mpaka mwezi mupya. Nilikuwa na siku ile moja tu. Na nilijua kintu mama mukwe hajui. Nikafikiri kifua yake Hervé, imelala pale ndani, inakoroma kama gari ya muchanga. Nikafikiri miezi yote. Nikafungua kopo.

Nilitia, nikaonja. Mukono ilikuwa imesahau kidogo, nikaongeza. Nikaonja tena. Yaya, ilikuwa sombe ya mama.

Saa sita tulibeba nyungu mpaka ku chantier. Hervé alibeba upande moja. Mama mukwe alikuya nyuma na mikono mitupu, hakujua aiweke wapi. Papa Gaston alichukua sahani, akala amesimama, akakaa. Akasema, "Leo nyungu na munyu bamesalimiana." Akamaliza, akanyoosha sahani tena. Tina wa ku kona alikuwa amekuya kuangalia, akaomba naye kipande ya bukari. Nikamupa. Kesho mwezi ya saba inaanza, na kazi ni yangu.

Mama mukwe alikuwa amekaa juu ya matofali. Alikula kijiko moja, akasema docta hakukataza kidogo. Akala cha pili. Halafu akakohoa.

Alikohoa vizuri, Yaya, kikohozi ya kweli, mpaka machozi. Mama Carmel, mwenye alikuwa amekuya kuona, aliacha kutafuna. Minye nilisimama na kijiko hewani. Hervé akaniangalia. Mama mukwe naye akaniangalia, muda murefu, kuanzia ku kitambaa ya kichwa mpaka ku miguu, na niliona ameelewa kila kintu, hata mambo ya kulala na viatu.

Akapangusa macho na kona ya kitenge. Akasema kwa sauti, wote basikie, "Hii vumbi ya chantier ni mbaya sana."

Kisha akanyoosha sahani, nimuongezee.

Mudogo yako,
Fidélie

Samaki uendelee kututumia. Kamba Kabongo afunge tu namna anajua.